Makonyo

Suyoni, fundi wa eksirei, mpangaji wa chumba changu cha uani,
kakaa nami jamvini, anachambua karafuu.
Vidole vyake vishaanza kunuka kama vyetu.
Simu kaiweka juu ya kinu, uso chini.
Mdogo wake yuko jeshini, mpakani:
kwao kila kijana lazima.

Namuuliza, hasa mnagombana na nani?

Anaokota makonyo, anayapanga.
Huyu ndugu yetu, tumbo moja, nyuma ya seng'enge.
Huyu mkubwa wa magharibi, tunamuuzia, tunamwogopa.
Huyu wa mashariki alitutawala; bibi yangu kafa hajamsamehe,
na leo tunafanya naye mazoezi ya vita.
Huyu rafiki, kwao ng'ambo ya bahari kuu,
askari wake wanalala kwetu tangu babu hajaoa.
Wakipiga kura wao, tunakosa usingizi sisi.

"Basi tatizo ni huyo ndugu."

"Zamani. Hata matusi yake tulikuwa tukiyajua kwa moyo.
Sasa kapata sahibu mpya, anampelekea mizinga,
na hatujui analipwa nini."
Akalisukuma konyo moja kwa ukucha.
"Hili likisogea, yote yanahama,
nasi hatujainuka tulipokaa."

Sikumwambia kuwa hesabu hiyo naijua.
Hapa Limbani, miaka ile ya vyama,
nilikuwa nalipita duka la Shaame mlango kwa mlango
nikafuata chumvi hadi sokoni,
kwa kuwa Shaame wa upande ule.
Kisima kimoja, kamba mbili.
Wakubwa wakapatana huko Unguja, wakapigwa picha;
hakuna aliyekuja kutufundisha kusalimiana tunaanzaje.
Asubuhi moja tu Shaame akaniambia, "Hujambo, Bi Riziki?"
Nikamwogopa kuliko alipokuwa kanuna.

Ngurumo, upande wa Mtambwe.
Tukanyanyuka, tukakunja jamvi huku na huku,
makonyo yote yakachanganyika, ndugu na sahibu,
tukayamwaga ukumbini.

Suyoni kasimama mlangoni, mkono wake nje unapima matone.
Ukingoni mwa barabara limebaki jamvi moja,
pishi kumi hazipungui, na mwenyewe kaenda mjini.
"Zile za nani?"

Nilitazama wingu kwanza.
Kisha dirisha la jirani wa tatu, kama kuna anayeniona.
Kisha wingu tena.

Juu ya kinu simu ilikuwa inatetemeka,
inajisogeza yenyewe, kidogo kidogo, ukingoni.