Wati Tano, Mabatini

Boksi langu ni dogo kuliko kreti la soda.
Vali tatu, wati tano,
spika ya inchi nane niliyoiziba ukingoni kwa gundi ya viatu.
Asubuhi chumbani linasema vizuri,
kama maji yanavyomiminwa kwenye bilauri.
Usiku, Kirumba, Nkwabi akishapasha ngoma zake,
nalifungulia hadi sita,
hadi saba,
na hapo linaanza kukoroma.

Wapo wanaopenda kukoroma huko.
Mimi nilifunzwa gitaa kavu:
kila noti isimame peke yake
kama mnandi juu ya jiwe,
uione mpaka miguu.

Nikalibeba hadi kwa Minza, fundi wa redio,
kibanda kilichobanwa na majabali mawili,
bati lake limekaa chini, chini kabisa.
Nikasahau kuinama.
Jabali halikusikia. Mimi nilisikia.

"Umeshaujua ugonjwa," akacheka, akinitafutia maji ya baridi.
"Noti yako ni ndefu, dari ni fupi.
Ikisimama inakatwa kichwa.
Huko kukoroma ndiko kukatwa kwenyewe."

Basi inua dari, nikamwambia. Nipe wati ishirini.
Hakujibu.
Alichomoa waya ukutani,
akaukamua umeme uliojificha kwenye kapasita,
mkono mmoja kazini,
mmoja mfukoni mwa gauni,
ili umeme ukija usipate njia ya kupita moyoni.
"Siku moja baba hakuuweka mfukoni," akasema,
akaomba nimshikie tochi.

Vali ya kwanza akaing'oa,
akachomeka dada yake mpole,
yule anayepokea neno
na kulipitisha bila kulitia chumvi nyingi.
Kisha akaipunguza besi.
"Besi ni mgeni mlafi. Anakula wati nne,
wewe unabaki na moja unagombana nayo.
Mpiga besi si mnaye? Mwachieni chakula chake."

Spika yangu akaiweka kando kwa adabu,
kama mtu anayemstaafisha mzee.
Akaburuta ya inchi kumi na mbili kutoka chini ya meza,
sumaku nzito kama jiwe la kusagia,
masalio ya kanisa lililobomolewa kupisha barabara.
"Wati ni zilezile. Ila huyu
ukimpa kidogo, hakimwagi njiani."

Nilidhani tumemaliza.
Akachukua gitaa, akaishusha pikapu,
mizunguko miwili ya bisibisi,
ikakaa mbali kidogo na nyuzi
kama watu wanaoheshimiana.
"Sasa piga."
Nikapiga.
"Unapiga kama mtu anayedaiwa."

Tukasubiri mashine ya kusaga ya jirani izimwe,
maana ikiwaka, taa za Mabatini zote
hugeuka rangi ya chai ya rangi,
na hata wati tano si tano tena.
Ilipozimwa, balbu ikang'aa.
Nikagusa uzi wa pili, polepole.
Minza alikuwa anahesabu misumari. Akaacha kuhesabu.

Jumamosi, Kirumba, harusi ya watu nisiowajua.
Namba saba.
Noti ikapanda, ikanyooka, haikukwaa popote,
ikapita juu ya ngoma, juu ya vigelegele,
ikatoka nje kwa wauza mishikaki.
Nkwabi akageuka kuangalia
nimeazima boksi la nani.

Sitasema uongo: saa sita, wimbo wa mwisho,
nilizidiwa na furaha, nikapiga kama anayedaiwa,
na likakoroma kidogo ukingoni,
kama paka aliyekanyagwa usingizini.
Nikalegeza mkono. Likanyamaza.

Jumatatu nilikwenda kumalizia deni.
Nundu bado ilikuwa inauma.
Niliinama mlangoni.
Hakuinua uso; alikuwa ndani ya redio ya mtu,
tochi mdomoni,
mkono mmoja mfukoni.