Chenji

"Chenji huna?" Kwa Mama Nyemo hilo hutangulia salamu.
Kilo ya zabibu inaning'inia kwenye mzani,
na noti yangu ya elfu kumi imekuwa kesi.
Mtoto katumwa kwa muuza vocha, kwa muuza karanga;
soko zima la Majengo halina chenji.
Narudishiwa pipi mbili na limau.

Malogo wangu kalisoma shuleni: kwa Kiingereza, baba,
neno hilo maana yake kubadilika. Hata nguo. Hata mji.
Nikacheka. Sisi lilitufikia limechakaa njiani,
limebaki sarafu, zile za kulilia mfuko ukitoboka.

Kisha nikakumbuka wapimaji walivyofika Nala,
wakasimika bikoni katikati ya mizabibu yake.
Ekari mbili, na mikono ya marehemu mumewe humo.
Karani akahesabu fidia, akamsogezea wino wa dole gumba.
Zabibu za leo ni za kulangua.

"Inayobaki kaa nayo, mama."
Akaufunga mfuko, fundo mbili, hakunitazama.
"Subiri chenji yako, Baba Malogo.
Mimi yangu bado naidai."