Parachichi Juu ya Meza

Sista Aikande hakufika.
Mvua ilikata barabara ya Uru pale darajani,
akapiga simu, sauti inakwaruza: "Mwalimu, anza wewe.
Sanduku la maswali unalo. Picha ninazo mimi."
Basi nikaingia Kidato cha Tatu B bila picha,
mwanaume wa miaka hamsini na miwili,
na parachichi moja mfukoni mwa koti,
nimelichuma kihambani asubuhi, bado gumu.

Nikaliweka mezani, shingo chini.
"Hiki," nikasema, "ni kizazi."
Darasa likapasuka.
Anaeli Mtui, dawati la nyuma, alicheka mpaka akalala,
akauliza kama basi mama yake kila siku
anauza vizazi Mbuyuni, vitatu kwa elfu.
Nami nikacheka. Ningefanyaje?
Miaka kumi na tisa nimeufundisha ukurasa ule
uso ubaoni, mgongo kwa wasichana:
"Mtasoma wenyewe nyumbani," kisha narukia figo.

Nikagusa kikonyo.
Hapa, palipobana, ndipo shingo ya kizazi.
Kuna kirusi huingia kwa kujamiiana
(nimelitamka neno, paa halikuanguka),
huingia kama mgeni asiyebisha hodi,
hakohoi, haombi maji,
hukaa miaka kumi, kumi na mitano,
na mwenye nyumba anapalilia migomba, anaimba kwaya,
hajui kuna mtu chumba cha uani.

Wasichana wakaonyesha mabega:
"Sisi tulichanjwa shule ya msingi."
Haikaeli peke yake akainamia daftari.
"Mimi bibi alinificha. Alisikia sindano inafunga uzazi."
Inafunga mlango, mwanangu. Uzazi inauacha palepale.
Kamuulize Sista kama nafasi yako ingalipo.

Nikawaambia na habari ya siki,
dada yake ile ya kachumbari:
muuguzi huipaka, husubiri kidogo,
na panapoanza kuharibika panageuka peupe
kama utando juu ya uji uliopoa.
Peupe hapo panatibika.
Kuchelewa ndiko kunakozika.

Kisha sanduku. Boksi la chaki, tundu limetobolewa kwa kalamu.
Karatasi ya kwanza: Mwalimu, hilo parachichi utalila?
Ya pili: Sisi wavulana inatuhusu nini?
Ya tatu imekunjwa mara nne, wino mwekundu,
herufi zimelala kama mahindi baada ya upepo:
"Mama alikoma hedhi mwaka juzi.
Sasa anatoka damu. Anasema ni uchovu.
Ni uchovu?"

Mvua ilikuwa imekatika.
Nilisikia migomba ikidondosha maji, jani kwa jani.

Nikajibu nikilitazama dirisha
nisije nikamkamata mtu kwa macho.
Si uchovu. Huenda si saratani pia, yako mengine,
lakini damu hiyo haisubiri mavuno ya kahawa,
haisubiri ada iishe, wala "nitaenda Jumatatu".
Aende kesho. Akiogopa, aende na mtu.

Ile ya pili sikuijibu. Kengele ililia,
wakatoka wakirushiana utani wa maparachichi.

Kesho yake, kabla ya paredi,
mlangoni pa ofisi alisimama Anaeli Mtui,
sweta limefungwa hadi kidevuni,
wino mwekundu kwenye kidole cha kati.
"Naomba ruhusa, mwalimu. Nampeleka mama Mawenzi."
Nyuma yake, getini, mwanamke kajifunga khanga mbili,
beseni lake tupu kaliweka chini,
anajifanya anasoma ubao wa matangazo.

Nikaandika ruhusa.
Penye sababu nikajaza: somo la vitendo.

Leo ni siku ya tisa.
Anaeli amerudi darasani, majibu hajayasema,
nami sijamuuliza.
Parachichi limeiva kwenye dirisha la ofisi, jeusi, laini.
Walimu wanapita, wanalitazama,
na hakuna hata mmoja aliyeleta chumvi.