Karani wa Mizani Anapanga Wiki

Makopo matano mezani, mifuniko mitatu.
Miwili imekwenda wapi, muulize Aikaruwa
aliyehamishiwa kazi Tabora tangu Machi.

Mwaka wa kumi na saba napima kahawa ya watu
hapa kiwandani Moshi, gunia baada ya gunia.
Nasema, "Sitini na moja, shusha, lete lingine,"
wala sikuwahi kujiuliza mimi ni gunia la kilo ngapi,
mpaka Juni, ile baridi, nesi kule Njoro
aliponiambia: panda, baba, vua viatu.
Mshale ukayumba
ukapita pale nilipodhani utasimama.
Akaandika. Akanitazama. Akaandika tena.
"Saa nne unakula nini?"
Nikajibu kama mtoto aliyeficha kitu shavuni:
maandazi mawili. Siku za mshahara, matatu.
"Chai?" Sukari vijiko vinne.
"Na mchana?" Chipsi za Shirima, pale getini.
"Na soda?"
Nikavitazama viatu vyangu, vimekaa chini, havinitetei.

Basi Jumapili jioni napanga,
nyuma ya stakabadhi iliyokosewa hesabu.
Jumatatu kiburu, maana maharage yamebaki,
na ndizi za Kiboriloni hazijaanza kulainika.
Jumanne viazi vitamu na mnafu, ule mchungu hasa;
Aikaruwa husema mnafu hauombi radhi.
Jumatano nimeiacha wazi.
Jumatano huniangusha kila wiki:
lori la Rombo hufika saa sita na nusu,
harufu ya chipsi hufika saa sita.
Alhamisi dagaa na ugali wa dona, kipande cha ngumi.
Ijumaa nitaona kilichosalia.

Kwa saa nne, karanga, kiganja kimoja,
kiganja changu, si cha Kundaeli mpakuzi
ambacho ni beleshi.
Na parachichi nusu. Nusu ya pili
hugeuka rangi kabla sijaamua niifanye nini.

Wiki ya kwanza walinicheka.
"Karani anakula chakula cha kuku!"
Nikatafuna. Karanga zina kelele, zinasaidia.
Wiki ya tatu Kundaeli akaja na kopo la mafuta ya kujipaka,
limeoshwa, bado linanukia waridi,
ndani magimbi mawili na chumvi kwenye karatasi.
Akakaa mbali kidogo, ananipa mgongo.
Kesho yake akakaa ubavuni.
Sasa tuko wanne juu ya magunia matupu,
na nusu ya pili ya parachichi
haina tena muda wa kugeuka rangi.

Nilirudi kwa nesi. Kilo tatu zimepungua.
Akanisifu, nikashukuru.
Sikumwambia kwamba nyingine zilipungua Machi,
zile jioni nilizokuwa nakula nimesimama, sufuria mkononi,
kwa kuwa kuketi peke yangu mezani
sikuwa nimejifunza.

Simu inaita. Tabora.
"Umepanga?"
Nimepanga.
"Jumatano?"
Nanyamaza. Anacheka, mtandao unakata kicheko katikati,
anapiga tena.
"Usiku wa Jumanne chemsha mayai mawili. Usiyamenye.
Utayamenya saa sita kamili, polepole.
Mikono ikiwa na kazi, harufu itapita."
Halafu, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo:
"Ile mifuniko miwili iko huku.
Niliibeba kwa bahati mbaya."

Bahati mbaya. Mke anayehesabu vijiko kila usiku.

Naandika: Jumatano, mayai mawili.
Kopo la nne nalifunika kwa kisahani,
la tano kwa kisahani chenye ufa,
naketi mezani,
naanza kuchambua mnafu.