Neno la Hetty Tyson

Bondeni kwa Hetty Tyson, kaskazini mwa Uingereza,
neno "thrive" halisemwi juu ya watu wenye magari.
Husemwa juu ya wanakondoo,
mwezi wa nne, theluji ingali imekaidi
kwenye vivuli vya kuta za mawe.

"Huyu hastawi," asema, akimpapasa mgongo,
kidole gumba kikihesabu pingili moja moja.

Kitabu alichoacha marehemu mumewe
chadai neno lilikuja na watu wa Norwei,
na huko kwao lilikuwa kushika,
kujikamatia kilicho chako usikiachie.
Sisi husema kunawiri, neno lenye nuru tumboni;
lao lina vidole.
Hetty hajakisoma. Hukitumia kuzuia dirisha
lisibamizwe na upepo.

Barua ya benki yauliza kama shamba linastawi.
Ameijibu kwa kuwashia jiko.

Usiku wa tatu: sanduku la viatu kando ya moto,
chupa, maziwa ya vuguvugu, tone, tone,
na mdomo mdogo, baridi kama kitasa.
Saa tisa na nusu ukafunguka,
ukakinasa kidole,
ukaking'ang'ania.

Alfajiri binti yake apiga simu kutoka Leeds.
Mama, hujambo? Mambo yanastawi?
Hetty akitazama kidole, chekundu, bado kimelowa.
"Ameshika," asema.
"Nani? Ameshika nini?"
"Ameshika tu. Ngoja niteleke birika."