Hesabu ya Hema

Nimelifungua daftari la kikoba ukurasa wa nyuma,
pale nisipoandika madeni ya watu.
Kushoto nimeweka kilichotoka.
Kulia bado.

Hema, usiku mmoja, watu wanne: elfu sitini.
Godoro la ziada, yaani sponji lenye jina tu: elfu tano.
Viingilio vya bustani ya michezo, wakubwa wawili, wadogo wawili,
soda, chipsi, soda tena kwa kuwa ya kwanza ilimwagika.
Nauli ya kutoka Newala siihesabu,
tungeilipa hata kama tungelala kwa Somoe.

Maana Chikongola, mwendo wa bajaji moja,
wifi yangu Somoe ana chumba,
ana neti, ana kitanda cha futi tano,
na hajawahi kumdai mgeni hata njiti ya kiberiti.
"Mlale chini ya turubai," aliniuliza kwenye simu,
"kama watu waliobomolewa?"
Nikasema mtandao unakatika.

Malipo ya pili ya korosho yaliingia Jumanne.
Nyuma yake kuna miezi ya kupulizia salfa
hadi kope zikawa njano.
Mfaume akasema, safari hii fundi bati asubiri,
watoto waone gurudumu.

Usiku ule hema lilinuka plastiki
na miguu ya waliotutangulia.
Jenereta likakoroma hadi saa sita;
lilipozima, Mfaume akapokea.
Mvua ikapita, ndogo,
tone moja likachagua paji la uso wangu,
hilo hilo, mpaka alfajiri, kama mtu anayedai.
Elfu sitini, niliwaza, ni mifuko mitatu ya saruji
na chenji ya chumvi.
Nikalala juu ya saruji yangu
nikiisikia inalowa.

Geti la wengine hufunguliwa saa tatu.
Sisi tuliolala ndani, saa kumi na mbili na nusu
tulikuta umande juu ya viti
na kijana wa mitambo, Chilumba,
akivifuta kwa shati lake la jana.
Akawatazama wanangu. Hawakuomba kitu.
"Lazima nilijaribu kabla ya wateja," akasema,
"na gurudumu tupu halijaribiki."

Tiketi ni elfu tatu kwa mizunguko mitatu.
Nikaanza kuhesabu:
minne, saba, kumi na mmoja,
kisha hesabu ikanipotea,
mimi, mweka hazina,
ambaye shilingi mia haijawahi kunipotea.

Shaibu akaita kutoka juu, "Mama, naona kwetu!"
Hakuona kwetu.
Newala iko nyuma ya Nanyamba, nyuma ya ukungu;
aliona mabati ya ghala la bandarini.
Sikumsahihisha.
Swaumu hakuita.
Alishika chuma kwa mikono miwili, mdomo wazi,
akimeza upepo asiuteme.

Na Mfaume bado amelala, nyayo nje ya hema.
Miaka tisa analinda ghala la chama usiku.
Sijui mara ya mwisho mkoromo wake kunikera
ilikuwa lini.

Saa tatu geti likafunguka.
Foleni ikafika kwa muuza miwa,
na wanangu wakapanga kama wengine,
wakalipa kama wengine,
mizunguko mitatu, shukeni.

Jioni tukampitia Somoe.
Ugali wa muhogo, pweza wa nazi, maneno machache.
Nikachungulia chumbani:
kitanda kilikuwa kimetandikwa tangu jana,
shuka jipya, mkunjo wa pasi haujavunjwa na mtu.
Hili nalo nimeliandika kushoto,
bila tarakimu.

Kulia niliandika "gurudumu", nikalifuta.
Nikaandika "mkoromo". Nikacheka peke yangu,
nikauacha.

Mwakani tutalala kwa Somoe, nimeshamwahidi.
Shaibu anauliza
kama kwa shangazi nako
mtu anaweza kuamka kabla ya geti.