Filamu ya Ambakisye

Wameionyesha ukumbi wa Moravian, Tukuyu,
mvua ikipiga bati, maneno nusu hayasikiki.
Mwigizaji katoka Dar, meno yote anayo.
Kavaa koti la mume wangu nyuma mbele,
kamfunga jogoo tai,
kamwita Mheshimiwa. Watu hoi.

Hawakusema jogoo yule tulimla Krismasi,
Ambakisye akakataa hata paja,
akasimama jikoni akimsomea sufuria rambirambi
mpaka nikacheka, nikapaliwa, nikalia.

Mwishoni wameandika: alifariki akitabasamu.
Uongo. Alifariki akiuliza
kama viazi vya mbegu vimefunikwa, baridi ya Juni ile.
Nilikuwa nimevifunika.

Taa zikawaka. Wakanipigia makofi mimi,
nami, sijui kwa nini,
nikainama kama yeye,
nikiwapa mgongo.